Viti vya Tramu ya Bi Lorene

Furaha ameniambia nikikaa nyumbani bila kuandika haya nitaanza kuwasumbua majirani, na ananijua. Basi nawaandikia ninyi mlioko karakana ya Mesquite, kando ya Dallas, hasa mliokuja kutoka mtaa wa Vickery Meadow baada yake, ambao kila nikija kusalimia mnaniuliza ile tramu ilikuwaje. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilichopata cha maana ni ufunguo wa kabati la mikasi. Nitasema habari za kazi.

Mimi ni Zuhura, mtu wa Unguja, na nilipofika Marekani mume wangu alikuwa ameshapanga nyumba Sharpstown, Houston. Nilijua kushona nguo. Nikasikia pale mtaani kuna duka linalovisha makochi kitambaa upya, nikaenda nikasema mimi fundi. Siku ya kwanza wakanipa kochi la mama mmoja aliyekuwa na paka wengi. Nilipofungua kile kitambaa cha zamani nilikuta manyoya, mabaki ya chakula, kalamu, na meno ya bandia. Nikauliza, "Haya meno niyarudishe?" Fundi mkuu akasema weka kwenye mfuko, kila kitu kinachotoka ndani ya kochi ni cha mwenye kochi. Huo ukawa mwanzo wa elimu yangu, na bado nauona ni msingi mzuri. Ukifungua kiti unafungua nyumba ya mtu.

Tulihamia Dallas mume wangu alipopata kazi hospitali, nami nikaajiriwa hapo mlipo. Mnaijua hali yake sasa, taa nzuri, viyoyozi. Wakati ule lilikuwa ghala tupu, joto lake la kuivisha mkate, na ndani yake mabasi ya zamani na mabehewa ambayo watu wenye fedha na mapenzi walikuwa wakiyaleta yatengenezwe yarudi kama yalivyotoka kiwandani. Sikujua duniani kuna watu wanaolipenda basi kiasi hicho. Nilidhani wananitania.

Aliyenipokea ni Bi Lorene. Msimamizi wa viti, mwanamke mweusi mzaliwa wa Dallas, mrefu, mkavu, miwani imefungwa kamba shingoni. Umri wa kustaafu alikuwa ameshaupita lakini hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Alikuwa akiweka misumari midogo mdomoni, konzi nzima, halafu anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, anaupachika kwenye nyundo yenye sumaku, na ta! umeingia mbaoni. Na huku anaongea. Nilimwogopa mwezi wa kwanza wote.

"Jina lako nani?" aliniuliza siku ile.

"Zuhura."

"Zuhura, mkono wako wa kushoto unafanya nini?"

Nikautazama. Ulikuwa unaning'inia tu.

"Mkono wa kushoto ndio unaovuta kitambaa. Wa kulia unapiga tu, hata mjinga anajua kupiga. Ufundishe wa kushoto."

Ndugu zangu, mpaka leo nawaona baadhi yenu mnavuta kwa mkono wa kulia. Nawaona.

Alinifundisha singa za farasi, zile nywele za mkia zinazojazwa ndani ya kiti, zinavyochambuliwa na kupangwa ili kiti kisiwe na kilima, sindano iliyopinda inavyopita chini ya kamba bila kumwaga damu, na springi zinavyofungwa ili zisikulilie ukikaa. Sponji aliidharau. Akiona mtu ameweka sponji mahali pa singa anasema, "Umetengeneza keki."

Lakini kitu alichonifundisha ambacho kiliniondoa akili ni michoro. Siku moja alinifungulia kabati lake la picha za vitu vya miaka ile kati ya vita vikuu viwili vya dunia. Jamani! Kumbe wakati ule, Ulaya na huku Marekani, watu wa reli na mabasi walikuwa wakiwaita wachoraji wa kisasa kabisa, wale waliokuwa wakitukanwa kwenye majumba ya sanaa, na kuwaambia tuchoree mabango, tuchoree vitambaa vya viti, tuandikie majina ya vituo. Mtu asiyewahi kuingia jumba la sanaa maisha yake yote alikuwa anakalia mchoro wa kisasa kila asubuhi akienda kazini! Mistari inayokimbia, matao, duara zilizokatwa nusu, rangi ya chungwa juu ya kijani. Na haikuwa urembo tu. Kitambaa kikiwa cha rangi moja uchafu unaonekana, mchoro ukiwa wa mistari myembamba sana gari likitikisika macho yanauma. Basi mchoraji alitakiwa afikirie matope, macho na makalio kwa pamoja. Nilicheka mpaka Bi Lorene akaniuliza kama ninaumwa.

Nilikuwa napenda kazi. Kuanzia siku hiyo nikawa kichaa chake. Nikienda dukani naangalia herufi za kwenye milango. Mume wangu akasema nimeolewa mara ya pili.

Furaha alikuja miaka kadhaa baadaye, mama kijana kutoka Kongo, anapanda treni kutoka Vickery Meadow halafu basi, na hakuchelewa hata mara moja. Kiswahili chake na changu vilianza kwa kugombana, ila vikazoeana. Yeye akisema "ile kitambaa" mimi nashika kichwa, na mimi nikisema "kile kitambaa" yeye anacheka eti naongea kama redio.

Halafu ikaja tramu, behewa la abiria la reli za mjini.

Ililetwa juu ya lori, na sote tulitoka nje. Ilikuwa imekaa nyuma ya shamba la mtu imejazwa majani ya ng'ombe. Kutu, viota vya ndege, vioo hakuna. Lakini umbo! Kona zote zimeviringwa, mbele imelala kidogo kama inaukwepa upepo, na ubavuni mistari mitatu ya chuma inakwenda kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa imesimama juu ya lori na bado inakimbia. Mwenyewe, Bwana Harlan, mzee wa Kizungu aliyestaafu biashara ya mbao, alikuwa anaizunguka na kofia mkononi.

"Nataka irudi kama ilivyokuwa," alisema. "Kama ilivyokuwa kabisa. Msiniwekee kitu cha kubuni."

Siku tulipobandua ngozi ya plastiki kwenye kiti kimojawapo, chini yake kilikuwapo kitambaa cha asili. Kizito, cha manyoya mafupi, karibu na mahameli lakini kigumu. Kijani ya majani ya mgomba, na juu yake matao ya chungwa yanaanza kiti kimoja na kumalizikia kiti cha pili. Bwana Harlan alitoa machozi. Mimi nilipiga kigelegele, karakana nzima ikageuka. Bi Lorene alikuwa na misumari mdomoni. Alikigusa kile kitambaa kwa kidole kimoja akaondoka kwenda kunywa maji.

Bwana Harlan akakipeleka kipande kile kwenye kiwanda cha kufuma, wakatufumia kipya rangi kwa rangi. Marobota yalipofika nikaomba mimi ndiye nikate la kwanza, na hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho Furaha anakisimulia kwenye kila harusi. Mimi nimezaliwa kwenye kanga. Kwangu mimi kitambaa chenye mchoro kina pindo pembeni na mji katikati, na mji hauendi popote, unakaa katikati. Basi nikakata, nikaweka tao zuri kuliko yote katikati ya mgongo wa kiti, nikalizungushia mstari wa kijani vizuri sana. Nikavisha kiti. Nikarudi nyuma kukitazama, nimefurahi.

Bi Lorene akaja, akatoa misumari mdomoni, jambo alilolifanya kwa nadra. "Zuhura, umekivisha kiti kanga."

"Kimependeza!"

"Kimependeza sana. Ila kiti hiki kinataka kukaa peke yake. Mchoraji alitaka viti vyote vishikane mikono. Tao linatoka hapa, linapita kwa jirani."

Alikuwa amesema kweli. Lakini sikukubali kushindwa haraka. Nikasema ngoja nipime katikati ya kila kiti, huenda viti havilingani. Juu ya mgongo wa kila kiti kulikuwa na utepe wa bati uliopigiliwa miaka ya baadaye, si wa asili, ulipaswa kutoka hata hivyo. Nikaung'oa ule wa kiti changu ili nione mbao. Na kwenye mbao, umbali sawa kutoka katikati, yalikuwapo matundu mawili, madogo, yaliyotobolewa kwa ustadi.

Furaha akaenda kung'oa utepe wa kiti kinachofuata. "Mama Zuhura, angalia. Na hii iko na matundu mbili. Na ile ingine pia. C'est bizarre, ni ajabu. Ni ya nini?"

Tukang'oa tepe zote. Karibu kila kiti kilikuwa na matundu. Nikadhani ni ya vishikio, au ya kutundikia kofia. Nikamwita Bi Lorene kwa furaha kabisa, nimegundua kitu!

Alisimama akayatazama. Akavuta ndoo akaigeuza, akakaa juu yake.

"Ni ya ubao," alisema. "Ubao ulikuwa na miguu miwili ya chuma. Unaingia hapo. Mbele ya ubao wanakaa Wazungu, nyuma yake tunakaa sisi watu weusi. Ilikuwa sheria. Na ubao unahama. Wakiingia Wazungu wengi, dereva anauchomoa, anausogeza nyuma."

Akatusimulia. Tramu za aina hii zilikuwa bado zinatembea yeye akiwa mtoto. Alikuwa amekaa na mama yake, nyuma ya ubao, mahali walipotakiwa, na alikuwa akifuata tao la chungwa kwa kidole kwenye kiti, anataka kuona linaishia wapi. Dereva akaja, akauchomoa ubao, akauchomeka nyuma yao, kiti kikawa cha Wazungu. Mama yake akamvuta mkono wakasimama. Waliposhuka, mama yake alisema jambo moja tu barabarani: na sisi tulilipa nauli.

"Kile kitambaa ndicho kilichonifanya niwe fundi," alisema Bi Lorene. "Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Na ubao wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa herufi zile zile za kwenye kitambaa cha majina ya vituo, kile kinachozungushwa juu ya kioo cha dereva. Safi, hazina madoido. Nzuri vile vile."

Mimi nilikuwa nimezipenda zile herufi. Nilikaa chini sakafuni nikaona aibu, sijui kwa nini aibu, sikuwa nimeziandika mimi. Furaha alikuwa analia waziwazi. Mambo ya kuinuliwa mahali ulipokaa anayajua.

Bwana Harlan alipokuja kukagua, Bi Lorene akamwonyesha matundu akamweleza ni ya nini. Nataka mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikunja uso, akasema hakujua. Kisha akasema, "Yazibeni. Pigeni puti, msasa, rangi. Watu watapanda hii tramu wafurahi. Sitaki mtu aingie akahuzunike."

"Ulisema kama ilivyokuwa kabisa," Bi Lorene akamjibu.

"Lorene, ni matundu ya misumari."

"Basi hayatakusumbua yakibaki."

Mzee akasema atarudi wiki ijayo na anataka kuona mbao laini. Alipoondoka Bi Lorene akaanza kukunja mkoba wake wa vifaa. Akaniambia polepole kwamba kazi hii alikuwa ameingojea maisha yake yote, ndiyo maana hakustaafu, na kwamba yakizibwa yale matundu anaondoka siku hiyo hiyo na hatatia mguu kwenye tramu ile.

Nikawaka. Nikasema nitampigia simu mzee yule, nitamwambia hivi na hivi.

"Wewe huwezi kunyamaza," alisema Bi Lorene. "Ukimpayukia atakasirika, na hapo hatasikia tena. Niahidi hutasema neno."

"Bi Lorene!"

"Hata neno moja, Zuhura. Niahidi."

Nikaahidi. Nikaenda nyumbani nimefura kama andazi. Na nilipokuwa nafua nikakumbuka mimi ni mwanamke wa Unguja. Kwetu mwanamke akiwa na la kumwambia mke mwenza, wifi au jirani, na adabu haimruhusu kufungua mdomo, hafungui. Anavaa. Anajifunga kanga yenye maneno yake, anapita mbele ya mlango wa mhusika taratibu, anarudi, anapita tena. Mwenye kusoma atasoma. Bibi yangu aligombana hivyo na jirani yake miaka mingi, na hawakuwahi kutukanana hata mara moja.

Nilitafuta pamba nyeupe, nikaikata kwa kipimo cha kanga. Pindo nikalishona kwa mabaki ya kitambaa cha viti. Nikachukua kile kitambaa cha kuzungusha cha majina ya vituo, ambacho tulikuwa tunakikarabati, nikanakili herufi zake kwenye karatasi, nikazikata katika kitambaa cheusi na kuzishona moja moja chini ya mji, mahali pa jina la kanga. Kwa Kiingereza, ili aliyekusudiwa asipate tabu. Maneno ya mama yake Bi Lorene: NA SISI TULILIPA NAULI. Ni kushona kuzuri kuliko kote nilikowahi kufanya. Furaha alipoiona akasema, "Mama, weye ni mtu mbaya sana," akanisaidia kupiga pasi.

Siku ya ukaguzi nikajitanda juu ya nguo za kazi. Bi Lorene alikuwa mwisho wa tramu, hajaniona. Bwana Harlan akapanda. Nikapita mbele yake na sindano yangu. Nikageuka, nikapita tena.

"Hizo ni herufi za tramu!" alisema, uso umemchangamka. "Umezipata sawasawa kabisa." Halafu akasoma. Nikamwona anasoma mara ya pili. "Nani alilipa nauli?"

Nilikuwa nimeahidi. Nilimwonyesha kwa kidevu Bi Lorene kule mwisho.

Akamwendea. Bi Lorene akainua macho akaiona kanga, akanitazama mimi kwa jicho ambalo nilijua nitalilipia. Kisha akavua miwani, akamsimulia Bwana Harlan kile alichotusimulia sisi, mama yake, dereva, tao la chungwa. Alimwonyesha kiti chao kilikuwa mahali gani. Mzee yule alisikiliza amesimama, na alipomaliza alitia vidole vyake viwili kwenye matundu ya kiti cha mbele yake, akaviacha humo muda mrefu.

"Yabaki," alisema. "Na ubao? Tutengeneze na ubao, watu waelewe?"

"Ubao sitengenezi," Bi Lorene akasema. "Matundu yanatosha."

Nilipiga kigelegele cha pili. Ahadi ilikuwa ya maneno, vigelegele havikutajwa.

Tulimaliza viti vyote, matao yakipita kutoka kiti hadi kiti bila kukatika, na mbao zikapigwa vanishi huku matundu yapo wazi. Siku ya kuizindua ilikuwa ya jua kali na raha tupu. Bwana Harlan alikuwa amejenga reli fupi ya mzunguko kwenye shamba lake, na watu walikuja na watoto na vyakula. Chuma kinang'aa, kengele inalia, kijani na chungwa vinawaka kila dirisha. Wajukuu wangu walikuwa wanapiga kelele kwa Kiingereza na mimi nawajibu kwa Kiswahili, hakuna aliyemsikia mwenzake. Bwana Harlan alisimama mlangoni akiwaeleza watu matundu ni ya nini kabla hawajauliza. Bi Lorene alipanda amevaa gauni la kanisani, akakaa katikati, mahali kama pale alipokaa na mama yake.

Mzunguko ni mfupi. Tramu iliporudi ikasimama, watu wakaanza kushuka ili wengine wapande. Bi Lorene hakushuka. Bwana Harlan akaja akamwinamia kwa adabu, akamwambia tumefika, Bi Lorene, ndio mwisho wa njia.

"Najua," alisema. "Sijataka kusimama bado."

Yule mzee akamtazama. Akaenda kwa dereva, nikamsikia anamwambia azungushe tena. Wengine wakapanda, tukaenda. Tukarudi, wakashuka, wakapanda wengine, tukaenda tena. Mimi na Furaha tulikaa nyuma yake. Tulizunguka mpaka kengele ikanichosha, njaa ikanishika, na Furaha akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, tutalala humu?" Nikamwambia tukilala tutalala.

Watu walishuka na kupanda sijui mara ngapi, na hakuna aliyemgusa bega. Kisha safari moja, katikati ya njia, tramu ikiwa bado inakwenda na kituo bado hakijafika, Bi Lorene alisimama mwenyewe, bila kuvutwa mkono na mtu.